Hatua Thelathini za Njia ya Ng'ombe

Jumatatu, 2 Juni

Mwenyekiti wetu, yule fundi seremala, ameniletea daftari hili mashineni asubuhi, likiwa bado na vumbi la randa. "Katibu," akaniambia, "kila utakachosikia kiandike kabla hujakiamini." Nikamjibu kwamba nikiandika kila ninachosikia hapa litajaa kabla ya saa sita, maana mashine ya kusaga ni kama kwa kinyozi: watu wakingoja zamu, midomo haifungwi. Akacheka. "Basi andika yale yanayoweza kuua mtu."

Haya, naanza. Mvua zimekatika mapema. Huku bondeni mahindi yamebeba lakini bado mabichi. Kule mlimani kwa wafugaji nyasi zimeshakuwa rangi ya mkeka mkuukuu. Miaka sita iliyopita mwaka ulianza hivi hivi, ukaishia na vita kati yetu na wao, na makaburi kumi na tisa. Moja ni la mume wangu. Baada ya hapo ndipo ilipoundwa kamati yetu, watatu wa bondeni na watatu wa mlimani, na tukapatana juu ya njia ya ng'ombe. Upana wake hatua thelathini, kutoka mlimani hadi mtoni, ikikata katikati ya mashamba yetu, na mawe yaliyopakwa chokaa pande zote mbili. Makundi makubwa yanapita mahindi yakishavunwa, mwisho wa Agosti. Kabla ya hapo ni ndama na wagonjwa tu, wachache wachache, mchungaji akiwa karibu. Ng'ombe mia tano hawapiti katikati ya mahindi mabichi bila kuonja.

Alhamisi, 5 Juni

Vumbi. Nimesaga tangu asubuhi. Hakuna la kuua mtu.

Jumanne, 10 Juni

Kikao cha kamati, darasa la tatu kama kawaida, sisi watu wazima tumekunjana kwenye madawati ya watoto. Katibu mwenzangu wa mlimani watu wanamwita Kimya. Jina limempata. Anakuja na shati lililopigwa pasi, anaketi magoti yakigusa kidevu, na kikao kizima anatoa sentensi mbili. Leo ametoa moja: "Maji yetu yamebaki ya wiki tano."

Maana yake wanataka njia ifunguliwe Julai. Wakulima wetu wakaruka juu. Tumekubaliana tutazame hali katikati ya mwezi ujao.

Niseme ukweli, kwa kuwa hili ni daftari langu: simpendi yule mtu. Anatazama watu kama anayepima kitambaa. Na kila nikimwona najiuliza siku ile, miaka sita iliyopita, yeye alikuwa upande gani wa moto.

Alhamisi, 19 Juni

Joto. Mama anauliza lini nitaacha "kazi ya kugombanisha watu". Nimemwambia ni kupatanisha. "Ni jirani yake," akasema.

Ijumaa, 27 Juni

Mkanda wa mashine umekatika na nyundo mbili zimelegea. Wanawake wanane kwenye foleni, kila mmoja na debe lake. Nikampelekea kaka ujumbe. Akaja mbio, jembe bado begani, akalala chini ya mashine hadi saa tisa. Alipotoka alikuwa mweupe kwa unga, nyusi na zote. "Sasa umezeeka kuliko mama," nikamwambia. Akapuliza unga usoni kwangu kama tulipokuwa watoto.

Mashine hii ni yeye aliyenipa. Mume wangu alipokufa nilikaa miezi minne sijui asubuhi wala jioni. Kaka aliuza ng'ombe wake wa kulimia wote wawili, akaileta kwenye mkokoteni, akasema, "Saga. Ukisaga utalazimika kuamka." Watoto wangu wamesoma kwa unga huu. Naandika hili bila sababu, labda kwa kuwa leo nilimwangalia akiondoka nikaona anaanza kuinama mgongo.

Jumatano, 9 Julai

Leo ni siku ya kurasa nyingi.

Saa mbili asubuhi muuza mkaa aliingia akihema: "Wametia sumu kwenye njia ya ng'ombe! Ndama watatu wa mlimani wamekufa!" Nilipozima injini walikuwa wamefika kumi. Nilipopata baiskeli tayari kulikuwa na mtoto mmoja ndani ya hesabu. Na huku kwetu walishapata ya kwao: kwamba wafugaji wamewaua ndama wao wenyewe ili wapate kisingizio. Nikaona wanaume wawili wakinoa mapanga mbele ya duka, wakinoa vile mtu anavyonoa akitaka aonekane.

Nikawafuata. "Mnavuna leo?"

"Hapana, dada. Tunajiweka tayari."

"Basi jiwekeni tayari mpaka saa sita. Nikirudi nitawaambia nilichokiona kwa macho yangu. Mkianza kabla sijarudi, watakaokufa mtawazika wenyewe."

Nilimkuta Kimya ameshafika, kwa miguu, peke yake. Hatukusalimiana. Ndama walikuwa watatu. Mtoto hakuwepo, hai wala mfu. Daktari wa mifugo alikuja na pikipiki yake, akavaa glovu, akampasua mmoja tumbo palepale, akanusa, akaenda akachungulia kwenye mahindi, akarudi akivuta mfuko uliochanika.

"Hawa hawakutiwa sumu. Wamelamba mbolea. Hii nyeupe ya kukuzia mahindi ina chumvi-chumvi, ndama wanaipenda, na inawaua kabla ya jua kupanda."

Tukaketi kwenye jiwe, mimi na Kimya, tukaandika sentensi moja kwenye karatasi mbili, neno kwa neno: *Ndama watatu wamekufa kwa kulamba mbolea iliyosahaulika, daktari amewapasua na sisi wawili tumeona.* Yeye akasome mlimani, mimi bondeni. Tulibishana juu ya neno "iliyosahaulika". Alitaka "iliyoachwa". Nikashikilia langu. Akaniangalia kwa yale macho yake ya kupimia kitambaa, kisha akaandika langu.

Ndipo nikautazama ule mfuko vizuri. Una mstari wa rangi ya buluu pembeni. Kaka huweka alama ya buluu kwenye kila kitu chake, hata ndoo.

Nikatazama jiwe tulilokalia. Chokaa yake ya zamani, lakini udongo chini yake mbichi.

Nikasimama nikaanza kutembea kuelekea jiwe la upande wa pili, nikihesabu kimoyomoyo. Kumi na moja. Mguu wa kumi na mbili ungeingia kwenye mahindi ya jirani wa upande ule. Njia ya hatua thelathini imebaki kumi na moja, na yote iliyoliwa imeliwa na shamba la kaka yangu. Wale ndama hawakuwa wamepotea njia. Walikuwa kwenye njia yao.

Nilipogeuka Kimya alikuwa ananitazama miguu. Akachukua fimbo yake akapanda mlima.

Saa sita niliwasomea watu sentensi ile mbele ya duka. Mapanga yamerudi ndani. Nami nimerudi nyumbani na uongo ambao hauna hata neno moja la uongo.

Alhamisi, 10 Julai

Nimesaga.

Ijumaa, 11 Julai

Nimesaga. Kichwa kinaniuma.

Jumamosi, 12 Julai

Nilimkuta kaka kwa mama, wanapukuchua maharage uani. Niliketi, nikapukuchua kidogo, nikasema, "Kaka, mawe umeyasogeza."

Hakukana. Namshukuru kwa hilo. "Miaka mitatu sasa," akasema. "Kidogo kidogo. Kila msimu mstari mmoja. Shamba la baba lilikatwa likapewa ng'ombe, wewe ukaandika ndiyo kwenye karatasi. Mimi nina watoto saba. Ng'ombe hapiti miezi tisa kwa mwaka. Ardhi ilale tu inatazama mbingu?"

"Wiki hii kidogo watu wafe."

"Hawakufa."

"Rudisha mawe."

"Mahindi yamebeba, dada. Nirudishe mawe juu ya mahindi?"

Mama alikuwa hajainua kichwa. "Meno ya mbwa hayaumani," akasema. "Jambo la ndani ya nyumba lisemwe ndani ya nyumba. Ngojeni avune, kisha arudishe polepole, kama alivyoyatoa. Nani atajua?"

Nilitaka kukubali. Naliandika ili siku nikijisifu nisome hapa. Nilifungua mdomo niseme "haya". Kaka akaongeza, bila ubaya, kama mtu anayekumbusha: "Na ile mashine, dada, sikukuuliza wewe ni katibu wa nani."

Nikaondoka. Maharage yalikuwa yamenijaa mapajani, yakamwagika uani pote.

Jumatatu, 14 Julai

Kimya amekuja mashineni. Mwanaume wa mlimani, kwenye foleni ya wanawake wa bondeni, na debe la mahindi kichwani. Foleni yote ikageuka. Alingoja zamu yake kama wengine. Nilipomimina mahindi yake akasogea karibu, mlio wa injini ukatufunika.

"Bwawa la mwisho limekauka. Vijana wameamua Ijumaa. Wanashuka na makundi yote, kibali au bila kibali."

"Kwenye hatua kumi na moja?"

Ndipo akanitazama. "Kwenye hatua kumi na moja."

"Umejua lini?"

"Tangu Aprili. Nilileta ndama mgonjwa."

"Miezi mitatu! Na ukakaa kimya?"

"Ningesema mimi, ingekuwa vita. Mfugaji anadai ardhi kwa mkulima. Ukisema wewe, ni habari tu." Akafunga debe lake. "Nilikuwa nangoja uhesabu."

"Na kama nisingehesabu?"

"Ndiyo maana silali."

Alikuwa amesema maneno mengi kuliko vikao vyote vya mwaka jana. Akajitwika unga wake. Mlangoni akageuka. "Mdogo wangu wa kike yuko kwenye yale makaburi kumi na tisa. Sikwambii ili unionee huruma. Nakwambia ili ujue sitaki la ishirini."

Nimemwambia mwenyekiti aitishe kikao cha hadhara. Keshokutwa, mchana.

Jumanne, 15 Julai

Upepo. Nimemwendea kaka alfajiri nikamwambia kesho nitasema, awepo asije akasikia kwa watu. Amenifungia mlango.

Jumatano, 16 Julai

Darasa lilijaa hadi madirishani. Wa mlimani upande wa ubao, wetu upande wa mlango. Mwenyekiti aliagiza silaha zote zibaki kwenye stoo ya chaki, na ufunguo akampa mwalimu mkuu, ambaye alitokwa na jasho kana kwamba amekabidhiwa mtoto wa mfalme.

Kijana mmoja wa mlimani akaanza: "Sisi hatukuja kuomba. Ijumaa tunapita." Wetu wakapiga madawati. "Piteni mwone!" Mtu akasema ndama, mtu akasema sumu, mtu akataja mwaka ule. Uliposikika tu mwaka ule, nikaona mabega ya watu yanapanda pande zote mbili. Kaka alikuwa ameegemea mlango.

Nikasimama.

"Njia ya ng'ombe ni hatua thelathini. Nilikuwepo tulipoipima. Wiki iliyopita nimeipima tena kwa miguu yangu, ni kumi na moja. Mawe yamesogezwa. Aliyeyasogeza ni kaka yangu, tumbo moja, yule pale. Mbolea iliyoua ndama ilikuwa yake, na ilikuwa ndani ya njia. Nimelijua hili siku saba nikalificha. Hilo ni kosa langu, si lake."

Kisha likaja neno, kutoka upande wetu: "Msaliti." La pili: "Ameolewa mlimani huyu." Mwanamke ninayemsagia kila Jumatatu akatema mate chini. Kaka alinitazama tu, si kwa hasira, kwa mshangao, kama mtu aliyeumwa na mkono wake mwenyewe. Akatoka.

Yule kijana wa mlimani akaruka: "Mmesikia? Wezi! Leo leo tunashuka!"

Ndipo Kimya akainuka kutoka kwenye lile dawati. Alichukua muda, magoti yalikuwa yamekwama. "Keti," akamwambia. Kijana akaketi. "Umesikia mtu akimtaja ndugu yake mbele ya watu. Wewe ungeweza? Taja basi ni nani aliyevunja uzio wa bustani ya shule mwezi wa tano." Kijana akatazama viatu vyake. "Haya. Kwa hiyo tunyamaze tupime."

Mwenyekiti akachukua kamba yake ya useremala, tukatoka wote, watu zaidi ya mia, kwenye jua la saa nane. Tukaanza mlimani tukashuka jiwe kwa jiwe. Shamba la kaka: kumi na tisa zimeliwa. La jirani wa chini yake: tano. La muuza duka, aliyeniita msaliti: saba. Kila jiwe lililoinuliwa lilikuwa na udongo mbichi chini. Watu wakaanza kutazamana pembeni. Tukafika shamba la mwisho kabla ya mto, ambalo ni la mwenyekiti mwenyewe. Akanyoosha kamba. Akanyoosha tena. Akakohoa.

"Nne," akasema.

Mtu mmoja wa mlimani akacheka kwanza. Kisha sijui nini kilitushika, tukacheka wote, wa bondeni na wa mlimani, na mwenyekiti katikati ameshika kamba yake kama mtu aliyekamatwa na kuku mkononi. Kicheko hakikufuta kitu. Lakini mtu aliyecheka hawezi kurudi palepale alipokuwa.

Tulikubaliana tukiwa tumesimama. Mahindi yote yaliyo ndani ya njia yanakatwa Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Magunzi na punje kwa mwenye shamba, mabua kwa ng'ombe. Wa mlimani wanasaidia kubeba. Makundi yanaanza Jumapili, moja moja, mchana, wachungaji na fimbo tu. Kimya akawaomba vijana wake wangoje siku mbili zaidi. Walinung'unika, wakampa.

Alhamisi, 17 Julai

Tumekata. Mikono imechanika. Shamba la kaka nimelianza mimi. Mkewe alitoka akabeba kimya kimya pamoja nasi. Kaka mwenyewe hakutoka.

Ijumaa, 18 Julai

Tumekata. Wale vijana waliotaka kushuka leo wamebeba magunia hadi ghala la muuza duka. Anayahesabu kwa jicho baya. Mmoja akamwuliza, "Mzee, nikusaidie kuhesabu au hatua zinakutosha?"

Jumamosi, 19 Julai

Mashineni hakuja mtu. Siku nzima. Nimefagia mara tatu. Mama amepita barabarani bila kugeuza shingo.

Jioni, jua halijazama, wakaja wanawake sita wa mlimani, madebe vichwani. Mbele yao muuza mkaa. "Washa basi," akasema. "Au umeacha kazi?"

Jumapili, 20 Julai

Kundi la kwanza lilishuka saa nne, ng'ombe themanini hivi. Vumbi liliwatangulia. Tulijipanga pande zote mbili, kila baada ya hatua kadhaa mtu mmoja wa bondeni na mmoja wa mlimani. Mimi nilijiweka kwenye shamba la kaka, kwa kuwa pale ndipo mambo yatakapoharibika, kama yataharibika.

Kaka alikuwa amesimama ukingoni mwa mahindi yake yaliyobaki, na panga.

"Tulisema fimbo tu," nikamwambia.

Nikasimama mbele yake, mgongo wangu kwake, uso kwa ng'ombe. Nilisikia pumzi yake kisogoni. Sikujua mtu aliye nyuma yangu ni yupi, yule aliyelala chini ya mashine yangu au mwingine. Nikaamua sitageuka.

Dume moja jeusi likaacha kundi, likaja moja kwa moja kwenye mahindi. Mchungaji alikuwa mbali. Nikanyoosha mikono, likanipita ubavuni kama linavyopita nguzo. Nikasikia panga likianguka chini. Kisha nikamwona kaka amelishika lile dume pembe kwa mikono mitupu, anasukuma, miguu inachimba udongo, anatukana matusi ambayo baba alikuwa akiwatukania ng'ombe wake. Likageuka. Akalipiga kofi matakoni likarudi njiani.

Kimya akafika akihema. Kaka akajifuta mikono kwenye suruali.

"Mfundishe ng'ombe wako mipaka," akamwambia.

"Nitamfundisha," Kimya akasema. "Wewe umejifunza kwa siku ngapi?"

Kaka akamtazama. Akaokota panga lake, akaliingiza kiunoni, akarudi kusimama palepale ukingoni. Alikaa hapo hadi ng'ombe wa mwisho alipopita. Mimi hakunitazama.

Jumanne, 29 Julai

Makundi saba mpaka leo. Mahindi yaliyoliwa: ya mwenyekiti, kidogo. Anasema anastahili.

Jumatatu, 11 Agosti

Wateja wamerudi nusu. Yule aliyetema mate amekuja na debe lake. Hakuomba radhi nami sikumngoja aombe. Nimemsagia laini, kama apendavyo.

Jumapili, 24 Agosti

Nimekwenda kwa kaka kwa mara ya nne. Leo amefungua mlango. Aliketi, nami nikaketi. Alisema, "Ungeniambia niseme mwenyewe."

Nikamwuliza, "Ungesema?"

"Sijui." Kisha, "Lakini ungeniuliza."

Ana haki. Nilimwambia awepo asikie. Sikumwambia awepo aseme. Nimemwomba radhi kwa hilo, na kwa hilo tu. Amesema amesikia. Hajasema amesamehe. Nitarudi wiki ijayo.

Jumamosi, 30 Agosti

Fomu ya msimu inatakiwa wilayani kesho kutwa. Tumeijaza darasani, mimi na Kimya peke yetu. Ina ukurasa mzima wenye mistari mitupu, na juu yake imeandikwa: *Matukio ya fujo katika msimu huu. Eleza kwa kirefu.*

Nikaandika: *Hakuna.*

Kimya akaivuta karatasi upande wake, akalisoma lile neno kana kwamba ni barua ndefu. "Wilayani watafikiri tulikuwa tumelala."

"Waache wafikiri," nikamwambia, nikapiga muhuri.